HISTORIA NA NESI, SEHEMU YA 6: Dereva wa mbio na ndege moja tu

Watoto wameshakula? Basi kaa hapo dakika tano tuendelee.

Juzi mwanangu aliona ndege ikishuka Songwe akaniuliza, "Mama, kwenye vita ya Wajerumani ndege zilikuwepo?" Nikamwambia, Wajerumani hapa kwetu walikuwa nayo moja. Moja tu! Na aliyeirusha alikuwa dereva wa mashindano.

Jina lake Bruno Büchner, kazaliwa 1871. Alianza na mbio za baiskeli, akaingia mbio za magari, halafu akajifunza urubani wakati ndege zenyewe bado ni mbao, nyaya na kitambaa. Mnawajua watu wa hivyo, akishazoea mwendo hatulii.

Mwaka 1914 akaja Afrika na ndege yake. Akairusha kwanza Namibia ya leo, kisha ikaletwa Dar es Salaam kwa meli. Hakuja kupigana. Wajerumani walipanga maonyesho makubwa Agosti mwaka ule, kwa sababu reli ilikuwa imefika Kigoma, na ndege ndiyo ingevuta watu. Agosti ikaja na vita. Maonyesho yakafa, ndege ikachukuliwa na jeshi, na Büchner wa miaka 43 akageuka rubani wa vita.

Haikuchukua muda. Akajeruhiwa, ndege ikaharibika. Ilipotengenezwa, afisa mmoja aitwaye Henneberger akaanguka nayo, akafa. Yote hayo 1914 haijaisha.

Sasa jiulize: vita ikaenda miaka minne, nani aliibeba?

Vichwa na mabega ya babu zetu. Waingereza walichukua Tukuyu Mei 1916, na Iringa Agosti mwaka huohuo. Huku hakukuwa na reli, na wanyama wa mizigo walikuwa wanakufa njiani kwa magonjwa. Kwa hiyo risasi, unga, dawa, hata machela za majeruhi, vyote vilibebwa na wapagazi, pande zote mbili. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000. Jina la Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi chao.

Kama nesi, kinachoniuma ni hiki: wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia. Chakula wasichokizoea, maji machafu, baridi ya milimani bila blanketi. Vitu ambavyo leo tunavizuia kwa maji ya kuchemsha, chandarua na dawa mapema.

Na nyumbani je? Mume kachukuliwa, chakula kimebebwa na askari, mama kabaki na watoto na shamba tupu. Halafu 1918 ikaja homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu wameshadhoofika.

Büchner alirudi Ujerumani, akawa na nyumba ya wageni milimani, Obersalzberg. Mgeni mmoja aliyefika huko ni Hitler. Aliponogewa na mlima, watu wake wakawaondoa wenyeji, na 1936 Büchner naye akapoteza nyumba yake. Alikufa 1943. Mwendo wote ule, mwisho akafukuzwa kwake.

Lakini angalau yeye jina lake limeandikwa. Mpagazi wa Njombe, wa Rungwe, wa Iringa, nani kaliandika jina lake?

Ndiyo maana nawaomba. Wikiendi hii mpigie bibi au babu, muulize: nani kwenye ukoo wetu alichukuliwa kubeba mizigo? Alirudi? Andika jina kwenye daftari, hata nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, lisipotee. Wazee wenyewe wanapungua, mimi naona wodini.

Ukipata jina, liweke hapo chini tulisome wote.

Naingia zamu ya usiku. Mlale salama, na chandarua kichomekwe vizuri!