Utqiagvik: Mji ambao watu hawaogopi baridi, wanaogopa ikipungua

Mwezi Julai, wakati miji mingi ya Marekani inalia na joto, mkazi wa Utqiagvik anatoka nyumbani akiwa na koti. Mchana joto ni takriban nyuzi 8 za Selsiasi. Usiku linashuka hadi karibu nyuzi 2, tena usiku wenyewe jua linawaka. Hayo ndiyo "majira ya joto" ya huko. Theluji inaweza kudondoka mwezi wowote wa mwaka, Julai ikiwemo.

Mji huu uko Alaska, kando ya Bahari ya Aktiki, na ndio wa kaskazini kabisa nchini Marekani. Kwa miaka mingi ulijulikana kama Barrow, hadi mwaka 2016 wakazi walipopiga kura kurudisha jina la asili. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wasiofika 5,000. Wengi wao ni Wainupiat, wenyeji ambao mababu zao wameishi kwenye pwani hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hakuna barabara inayotoka hapo kwenda mji mwingine. Unafika kwa ndege. Mizigo mizito husubiri meli za kiangazi, barafu ikishaachia bahari.

Baridi yenyewe ikoje?

Februari ndiyo kali zaidi, wastani wake ni karibu nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa kulinganisha, friza ya nyumbani huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Yaani nyama ukiiacha nje inaganda kuliko ukiiweka kwenye friza. Rekodi ya mji iliwekwa Februari 1924: karibu nyuzi 49 chini ya sifuri.

Halafu kuna upepo. Pwani ni tambarare, hakuna mti wala kilima cha kuukinga. Baridi ya upepo ikifika kiwango cha nyuzi 40 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 au chini ya hapo. Pua, masikio na vidole ndivyo vinavyoanza. Sehemu hiyo huwa inapauka na kufa ganzi, kwa hiyo mwenyewe anaweza asijue. Mwenzako ndiye anakuambia shavu lako limebadilika rangi.

Ndiyo maana mavazi si suala la fasheni. Watu huvaa nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, ili hewa iliyonaswa katikati itunze joto. Pamba haifai karibu na ngozi kwa sababu ikishanyonya jasho haikauki haraka, na unyevu kwenye baridi hiyo ni hatari. Juu huja parka, koti refu lenye kofia iliyozungushiwa manyoya. Yale manyoya si urembo. Pumzi inapogandia pale, hasa kwenye manyoya ya mnyama aitwaye wolverine, barafu hupanguswa kwa mkono tu.

Giza nalo lina ratiba yake. Karibu tarehe 18 Novemba jua linazama na halionekani tena hadi karibu tarehe 22 Januari. Si giza totoro saa 24. Mchana huwa na saa chache za mwanga hafifu, kama alfajiri isiyokamilika. Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Agosti mambo yanageuka, jua halizami kabisa. Saa sita usiku watoto bado wako nje wanacheza, na anayetaka kulala anahangaika na mapazia mazito.

Nyumba juu ya nguzo

Hapa ndipo mgeni anaanza kuelewa kwamba baridi si adui tu.

Chini ya mji, ardhi imeganda muda wote, kina chake kikifika mamia ya mita. Juu kabisa, tabaka dogo tu huyeyuka kiangazi na kuwa tope. Ukijenga nyumba moja kwa moja juu ya ardhi hiyo, joto la sebule litayeyusha barafu iliyo chini na nyumba itazama upande mmoja. Kwa hiyo nyumba hujengwa juu ya nguzo, hewa baridi ipite chini ya sakafu na ardhi ibaki imeganda. Baridi ndiyo msingi wa nyumba, tena kwa maana halisi kabisa.

Maji ya bomba yalikuwa mtihani. Bomba la kawaida lingepasuka siku ya kwanza. Miaka ya 1980, serikali ya eneo hilo, ikiwa na mapato ya kodi za mafuta, ilijenga mahandaki chini ya ardhi yenye joto la kutosha, na ndani yake yakapitishwa mabomba ya maji safi na maji taka. Kabla ya hapo watu wengi walitumia ndoo kama choo. Kupasha nyumba joto hakuna shida sana, maana visima vya gesi asilia viko jirani.

Mlo unatoka kwenye barafu

Dukani kila kitu kimekuja kwa ndege au meli, na bei zake zinatisha. Lakini chakula kikuu cha wengi hakitoki dukani. Ni nyangumi, sili, samaki, bata na wanyama wa nchi kavu kama caribou.

Masika, kati ya Aprili na Mei, vikundi vya wavuvi hukata njia juu ya bahari iliyoganda hadi ukingoni mwa maji, na kusubiri nyangumi wakiwa na mitumbwi ya ngozi. Vuli huwafuata kwa boti za injini. Idadi inayoruhusiwa hupangwa kwa mgao, na nyama haiuzwi kama bidhaa. Inagawanywa kwa mji mzima. Ngozi na mafuta yake, muktuk, yana vitamini C, jambo lililowaokoa watu wasio na machungwa wala mchicha. Juni hufuata sherehe ya Nalukataq: watu hula pamoja, kisha hushika ngozi kubwa kwa pande zote na kumrusha mtu juu hewani.

Nyama huhifadhiwa kwenye mashimo yaliyochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda, mengine ya vizazi na vizazi. Friji isiyotumia umeme.

Kompyuta ilikataa kuamini

Desemba 2017, wanasayansi wa hali ya hewa wa Marekani walipoandaa ripoti ya mwezi uliotangulia waligundua kwamba takwimu za Utqiagvik hazipo. Programu ya kukagua makosa ilikuwa imeziondoa. Joto lilikuwa limepanda haraka kiasi kwamba mfumo ulidhani kipimo kimeharibika au kituo kimehamishwa. Kumbe kipimo kilikuwa kizima. Mji ndio uliobadilika.

Sababu kubwa ni bahari. Zamani ilikuwa inaganda mapema vuli. Siku hizi maji yanabaki wazi kwa muda mrefu zaidi, na yanatoa joto lake kwenye hewa ya mji.

Madhara yanaonekana majumbani. Baadhi ya mashimo ya nyama yameingia maji au yamepata joto, na familia zimelazimika kuhamia friza za umeme. Wapo wanaosema nyama ya friza haina ladha ile. Ardhi inapolegea, nguzo husogea na milango hugoma kufunga.

Juu ya barafu hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 1997 kipande cha barafu kilikatika na kuelea baharini na wavuvi zaidi ya 100 juu yake. Helikopta ndizo zilizowaokoa. Barafu huweza kukatika hata mwaka wa baridi kali, lakini ikiwa nyembamba, uzoefu wa wazee wa kuisoma unapata mtihani mgumu.

Na kuna ufuo. Barafu ya vuli ilikuwa ngao dhidi ya mawimbi. Sasa dhoruba za Septemba na Oktoba zinaukuta mji uko wazi, zinakula udongo na kusogeza bahari karibu na barabara na nyumba. Matingatinga husukuma mchanga na kokoto kutengeneza tuta kando ya maji. Dhoruba kubwa ikipita, tuta linabomoka, na matingatinga yanarudi kazini.