Aro: vijiji vilivyomtoa mgonjwa wa akili nyuma ya ukuta

Mfumo wa vijiji vya Aro, uliotimiza miaka 70 mwaka 2024, ulianza kabla hospitali yenyewe haijakamilika. Serikali ya kikoloni ya Nigeria ilikuwa ikijenga hospitali ya wagonjwa wa akili nje kidogo ya mji wa Abeokuta. Mwaka 1954 daktari wake mkuu, Thomas Adeoye Lambo, hakungoja mafundi wamalize. Alizungumza na wakuu wa vijiji vinne vya jirani, wenyeji wakakubali kuwapangisha wagonjwa vyumba.

Hadi wakati huo mwenye maradhi ya akili alipelekwa kwa mganga wa jadi, au alifungiwa katika nyumba za vichaa zilizofunguliwa Calabar na Yaba mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba hizo zilifanana na jela kuliko hospitali. Abeokuta kwenyewe, wanajeshi waliorudishwa kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wameugua akili waliwekwa Lantoro mwaka 1944, katika jengo lililokuwa gereza.

Lambo alizaliwa Abeokuta mwaka 1923, akasomea udaktari Birmingham, kisha magonjwa ya akili London. Alirudi nyumbani wakati elimu ya akili ya Mwafrika ilikuwa mikononi mwa watu wa nje, na aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa daktari wa Nairobi. J. C. Carothers aliongoza Hospitali ya Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, ingawa alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Kutokana na wagonjwa aliowaona Mathari alitoa hukumu juu ya bara zima. Alidai kwamba Mwafrika ni nadra kupata sonona, na mwaka 1951 akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, ambayo iliugeuza uasi wa watu walionyang'anywa ardhi kuwa tatizo la akili zao.

Lambo alimjibu hadharani. Katika makala ya mwaka 1955 aliziita tafiti za aina hiyo hadithi zilizovikwa joho la sayansi, zenye ubaguzi wa rangi ndani yake. Hoja yake haikuwa ngumu kufuata. Anayeletwa kwenye hospitali ya serikali ni yule aliyefanya fujo sokoni au barabarani. Mwenye huzuni nzito hubaki nyumbani akiuguzwa na ndugu zake, kwa hiyo hesabu ya wodini haiwezi kumwona. Mwanahistoria Matthew Heaton, aliyeandika kitabu kuhusu madaktari wa akili wa Nigeria mwaka 2013, anaziweka juhudi za Lambo na wenzake ndani ya harakati za kujikomboa kutoka ukoloni. Kwa mtazamo huo, Aro ilikuwa jibu la vitendo kwa Mathari ya Carothers.

Sharti kuu la Aro lilikuwa mgonjwa aje na jamaa yake wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza. Asubuhi wawili hao walikwenda hospitali, ambako mgonjwa alipewa dawa mpya za wakati ule au tiba ya mshtuko wa umeme. Mchana walirudi kijijini, na aliyepata nafuu alishika jembe, akahudhuria ngoma na ibada pamoja na wenyeji. Wauguzi walizunguka kijijini kuwaangalia. Waganga wa jadi nao waliajiriwa kusaidia, jambo lililowashangaza madaktari wengi wa Ulaya.

Wenyeji walipata kodi ya vyumba, mikopo ya kuongeza nyumba, maji safi na vyoo bora. Faida kubwa zaidi ilikuwa ya elimu. Muuguzaji aliyekaa wiki nyingi na mgonjwa wake aliyaona maradhi yakipungua kwa matibabu, na wanakijiji walizoea kuishi na watu ambao kwingine wangefungwa kamba.

Mwaka 1961 Abeokuta ilipokea mkutano wa kwanza wa madaktari wa akili wa Afrika nzima. Mwaka huohuo Lambo na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell walianza utafiti miongoni mwa Wayoruba. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 1963, yalionyesha kwamba maradhi ya akili ya Wayoruba na ya watu wa Kanada yanafanana kwa mengi, sonona ikiwemo. Wazo la vijiji lilisambaa pia. Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo vya kuwarekebisha wagonjwa wa akili, kikiwemo cha Hombolo, Dodoma.

Lambo alihamia Chuo Kikuu cha Ibadan, akawa makamu mkuu wake mwaka 1968, kisha naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani hadi 1988. Alifariki mwaka 2004. Nyuma yake hospitali ya Aro iliendelea kukua, lakini vijiji vilififia. Wodi zilichukua nafasi ya vyumba vya kupanga, na jamaa wa mgonjwa akarudi kuwa mgeni wa saa za kutazama wagonjwa.

Jina la Aro linaheshimiwa madarasani kuliko linavyofuatwa hospitalini. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wagonjwa wa akili nchini Nigeria wanavyofungwa minyororo, na sheria mpya ya afya ya akili ilitiwa saini Januari 2023 tu, ikichukua nafasi ya sheria ya vichaa iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Sheria hiyo inazungumzia huduma katika jamii. Utekelezaji wake hautahitaji uvumbuzi mkubwa: unahitaji fedha za wauguzi wa kuzunguka vijijini, na msaada kwa jamaa anayeacha kazi zake ili amuuguze ndugu yake.