Gobore katika Nchi ya Uzaramo

Ndugu msomaji, kama unakaa Kisarawe, au Kibaha, au Mlandizi, au Maneromango, bila shaka umekwisha kusikia neno gobore. Pengine umeliona kwa macho yako nyumbani kwa mzee fulani, limesimamishwa pembeni, kutu imelila na mti wake umefungwa kwa waya. Leo tutasoma habari zake. Soma polepole. Maneno magumu tutayaeleza njiani.

Gobore ni bunduki ya kushindilia. Maana yake ni kwamba haitiwi risasi kwa nyuma kama bunduki za askari wa leo. Kila kitu hutiwa kwa mdomoni. Mwenye gobore kwanza humimina baruti katika mtutu. Kisha hutia kitambaa au makumbi ya nazi. Kisha huchukua mdeki, ndio ufito mrefu wa kushindilia, akaisukuma baruti mpaka ikakaa sawasawa chini. Halafu hutia risasi, kisha kitambaa tena ili risasi isidondoke, na mdeki tena. Mpaka hapo bado hajawa tayari, kwa sababu bado hajatafuta moto.

Magobore ya zamani sana yaliitwa gumegume. Gumegume ni jiwe gumu linalotoa cheche likipigwa na chuma. Kando ya mtutu palikuwa na kijisahani kidogo chenye baruti kidogo. Ulipovuta kifyatulio, jiwe lilipiga chuma, cheche ikaangukia kijisahani, moto ukapita katika tundu jembamba ukaifikia baruti ya ndani. Ndipo mshindo ukalia. Lakini mvua ikinyesha, baruti ya kijisahani hulowa, na mwindaji husikia jiwe likigonga chuma tu, basi.

Baadaye ikaja fataki. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayowaka ikigongwa. Asili yake inachekesha kidogo. Huko Uskochi alikuwako mchungaji wa kanisa, jina lake Alexander Forsyth, aliyependa sana kuwinda ndege. Akaona kwamba ndege wakiuona mwanga wa kijisahani huruka kabla risasi haijawafikia. Akatafuta dawa ya kuwaka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Wengine baada yake wakaitia dawa hiyo katika kikofia cha shaba. Mchungaji alikuwa akitafuta kitoweo cha ndege, lakini majeshi ya dunia nzima yakaichukua akili yake.

Sasa turudi kwetu. Kabla ya gobore watu wa Uzaramo waliwinda kwa mikuki, kwa mishale ya sumu, kwa mashimo na kwa nyavu. Mwindaji alikuwa mtu mkubwa. Wazee wa Kizaramo husimulia habari za Pazi Kilama, mwindaji wa ndovu aliyetoka upande wa bara. Wakamba walipowasumbua Washomvi wa pwani, Washomvi walimwendea Pazi wakamwomba msaada. Akawafukuza Wakamba, na tangu hapo watu wa pwani wakawa wanampa kodi. Na jina la Pazi likawa jina la heshima la wakubwa wa nchi. Tazama basi: masimulizi hayamtaji kwanza mfalme au tajiri. Yanamtaja mwindaji.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitafutwa sana Ulaya, Marekani na Bara Hindi. Misafara ilipita nchi hii ya Ruvu ikielekea Bagamoyo na pwani nyingine, wapagazi wamejitwika pembe mabegani. Kwenda bara misafara ilichukua nguo, shanga, na pia magobore na baruti. Magobore yalikuwa rahisi kwa sababu majeshi ya Ulaya, tangu miaka ya 1860, yalianza kupata bunduki mpya za kutiwa risasi kwa nyuma. Zile za zamani zikauzwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba bunduki zilizoingia Afrika Mashariki kwa mwaka mmoja zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Hebu ihesabu vizuri namba hiyo, kisha fikiri ni ndovu wangapi walioanguka.

Lakini usidhani kwamba kumwua ndovu kwa gobore ilikuwa kazi nyepesi. Mtutu wa gobore ni laini ndani, na risasi yake ni donge la mviringo, kwa hiyo haiendi mbali kwa shabaha. Mwindaji ilimpasa amkaribie mnyama hatua 30, au 20, au chini ya hapo, huku akiuangalia upepo usimpelekee ndovu harufu yake. Ubongo wa ndovu nao umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye matundu matundu kama sega la nyuki. Risasi tupu ni madini laini. Ikigonga mfupa hubonyea. Kwa hiyo mafundi waliichanganya na bati, au walitia kipande cha chuma.

Haya, amepiga. Sasa mbele yake pana wingu la moshi mweupe, maana baruti nyeusi hutoa moshi mwingi. Haoni kitu. Hajui kama mnyama ameanguka au anakuja. Askari wa zamani wa Ulaya, aliyezoezwa kila siku, aliweza kupiga mara 2 au 3 kwa dakika moja, naye amesimama mahali peupe. Mwindaji wetu yumo vichakani, mikono inatetemeka, pembe ya baruti inaning'inia ubavuni, na mdeki mrefu unanasa katika miti. Ndovu mwenye hasira humaliza hatua 30 kwa sekunde chache tu. Mbogo aliyejeruhiwa ni mbaya zaidi. Wawindaji husema kwamba huzunguka akarudi karibu na nyayo zake mwenyewe, akamngoja anayemfuata. Tena gobore lenyewe laweza kumwua mwenyewe. Baruti ikizidi, mtutu hupasuka usoni, hasa kama fundi wa kijijini ameutengeneza kwa bomba la maji.

Kwa sababu hizo wawindaji wa ndovu hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kundi, wakapiga pamoja au kwa zamu. Wamakua wa kusini walisifika pwani yote kwa kazi hiyo. Na katika nchi nyingi za bara palikuwa na sheria: ndovu akianguka, pembe iliyogusa ardhi ni ya mwenye nchi, na ile ya juu ni ya mwindaji. Sheria za kuwinda, basi, hazikuletwa na wageni. Zilikuwapo, na kila mtu alizijua.

Wazungu nao walionja uchungu wa gobore. Mwingereza mmoja, Frederick Courteney Selous, aliwinda ndovu kati ya mwaka 1872 na 1874 katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Alitumia magobore mawili makubwa yaliyotupa risasi yenye uzito wa robo ratili. Siku moja gobore lake lilitiwa baruti mara mbili kwa makosa. Alipofyatua, aliinuliwa juu akaanguka kifudifudi mchangani, na bunduki ikaruka nyuma yake. Baadaye aliandika kwamba magobore yale yalimwondolea uthabiti wa mkono, akajuta kuwa aliwahi kuyatumia. Likumbuke jina hilo la Selous. Tutakutana nalo tena karibu na Kisarawe.

Sasa tunafika mahali penye uzito katika somo letu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba huko Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Mkataba ulikuwa juu ya kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na masharti ya silaha. Bunduki mpya zilikatazwa kuuzwa kwa watu wa sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki ya gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa, kama mtawala wa mahali atakubali. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa bunduki ambayo askari wa Ulaya alikwisha kuitupa. Ndiyo maana gobore liliendelea kukaa vijijini muda mrefu hivi.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya wanyama. Mtu akitaka kuwinda, awe na kibali. Tena zikatengwa sehemu mbili ambamo kuwinda kulikatazwa, moja upande wa Kilimanjaro na moja upande wa mto Rufiji, kusini ya nchi hii ya Uzaramo. Wajerumani walikuwa na sababu: ndovu walikuwa wamepungua sana. Lakini ndovu hakuwa mnyama peke yake katika shamba la Mzaramo. Alikuwako pia nguruwe mwitu, na nguruwe hafuati amri ya gavana.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika makala mwaka 1997 juu ya njaa na nguruwe mwitu katika Uzaramo. Ameonyesha kwamba wanaume wengi walikwenda, au walipelekwa, kufanya kazi katika mashamba ya wageni na mashamba ya pamba ya serikali. Kuwinda kulibanwa, na baruti ilikuwa shida kupata. Nguruwe wakaongezeka. Waliobaki kulinda mtama na mpunga usiku walikuwa wanawake, na silaha yao ilikuwa kelele. Chakula kikapungua. Mwezi wa Julai 1905 vita ya Maji Maji ilianza katika nchi ya Wamatumbi, na muda si mrefu ikaingia kusini ya Uzaramo. Vitabu vingi vinataja pamba, kodi na viboko, navyo ni kweli. Lakini mimi naona nguruwe naye astahili kuandikwa katika historia ya vita ile. Mama aliyekesha miezi mitatu akilinda shamba, kisha akalikuta asubuhi limefukuliwa lote, hakuhitaji mtu wa kumfundisha chuki.

Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Wajerumani walikuwa na bunduki mpya na bunduki za mtombo, zile zinazopiga mfululizo. Mambo yaliyotokea unayajua. Baada ya vita watu wa nchi zilizoshindwa walilazimishwa kutoa bunduki zao.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Selous yule yule, sasa mzee wa miaka 65 na kapteni wa jeshi la Kiingereza, alipigwa risasi akafa Beho Beho, upande wa mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Alizikwa pale pale. Mwaka 1922 Waingereza waliipa mbuga ile jina lake. Hivyo mtu aliyejulikana duniani kwa kuua ndovu, tena alianza kwa magobore, akawa jina la mahali ambapo mwanakijiji haruhusiwi kuingia na gobore lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya mbuga hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Beho Beho imo ndani yake.

Tulipopata uhuru hatukuzifuta sheria za wanyama. Sheria mpya ilitungwa mwaka 1974, na nyingine mwaka 2009. Silaha nazo zina sheria ya mwaka 2015, na gobore ni silaha kama silaha nyingine. Kuwa nalo bila leseni ni kosa. Mnyama akiharibu shamba au akiua mtu, kanuni za mwaka 2011 zinaeleza malipo. Watu huyaita kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyekufa au kuumia. Sheria hizi zina faida yake. Bila hizo ndovu angekuwa hadithi tu, maana katika miaka ya karibuni wauaji wa ndovu walitumia bunduki kali kuliko gobore mara nyingi.

Lakini usiku wa shambani haujabadilika sana. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji, jirani zetu wa kusini. Watu walimwita Osama. Askari wa wanyama walimwua Aprili 2004, wakakuta jipu kubwa chini ya gego lake. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Walipochunguza, waliona kwamba simba wengi hufika mashambani wakimfuata nguruwe mwitu. Na wakati wa mavuno mkulima naye yuko kule kule shambani, amelala katika dungu lake la miti na makuti, akimlinda nguruwe yule yule. Simba humkosa nguruwe, akamwona mtu.

Kabla ya somo lijalo, mtafute katika kijiji chako mzee, mwanamume au mwanamke, aliyepata kulala katika dungu. Muulize alilinda kwa kitu gani: gobore, mbwa, moto au debe. Muulize pia walikuwa watu wangapi katika dungu moja, na nani alikesha wakati wengine wamelala. Yaandike majibu yake katika daftari lako, kwa maneno yake mwenyewe, uje nayo darasani.