Agizo Lisilo na Fungu

“Wilaya za shule za California zinalalamikia mamlaka yasiyofadhiliwa.”

Sentensi hii ililetwa mezani kwangu na kijana makini anayejifunza kazi ya tafsiri. Kila neno lake limo kwenye kamusi, ngeli zimekaa sawa, ila ukimaliza kuisoma hujui nani kamtendea nani nini. Nikamwuliza, “Hapa wanalalamika nini?” Akacheka. “Hata mimi sijui, mzee. Nimetafsiri tu.”

Kiingereza chake ni unfunded mandate, na jambo lenyewe wala si gumu. Bunge la jimbo linapitisha sheria inayozilazimu shule kufanya kitu: kuongeza somo, kupima afya za watoto, kutunza kumbukumbu za aina fulani. Gavana anasaini, makofi yanapigwa. Ukipekua bajeti kutafuta fedha za kutekeleza sheria hiyo, huzioni. Bodi ya shule inabaki na kazi mpya na mfuko ule ule wa mwaka jana.

Kijana wangu aliteleza mara mbili. Katika habari za uchaguzi, mandate ni ile ridhaa wapiga kura wanayompa mshindi, na hapo “mamlaka” linafaa kabisa. Katika habari za bajeti neno linageuka: ni kazi aliyobebeshwa mtu na aliye juu yake. Kosa la pili ni “kufadhili”. Ndani ya kitenzi hicho imekaa fadhila, na mfadhili ni mtu anayetoa kitu ambacho angeweza kukizuia bila kulaumiwa. Shule za California hazikuwa zikiomba fadhila. Zilikuwa zikidai deni lililoandikwa kwenye katiba ya jimbo lao.

Hata “wilaya ya shule” ina mtego. Msomaji wa Dodoma akisikia wilaya anamwona mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais. Marekani, wilaya ya shule ni serikali ndogo inayojitegemea. Ina bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura, inaajiri walimu, inapanga bajeti yake, na mipaka yake si lazima ifuate ya mji wala ya kaunti. Hawaii pekee ndiyo yenye wilaya moja kwa jimbo zima. Neno limeshazoeleka, silipingi, ila lisiachwe bila maelezo.

Deni lenyewe lilizaliwa hivi. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka ukomo wa kodi ya majengo na ardhi: asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Njia ya bodi za shule kupandisha kodi hiyo ikafungwa, na uamuzi wa fedha za shule ukahamia makao makuu ya jimbo, Sacramento. Mwaka uliofuata likaja Pendekezo la 4, lililosukumwa na Paul Gann, mmoja wa waasisi wa lile la kwanza. Hilo liliingiza katika katiba kanuni moja: jimbo likiziagiza serikali za chini kuanzisha huduma mpya, au kupandisha kiwango cha huduma iliyopo, lizirudishie gharama. Mambo machache yaliachwa nje, yakiwemo maagizo ya kabla ya 1975 na sheria zinazounda kosa jipya la jinai. Ipo hata tume maalumu ya kusikiliza madai haya.

Sasa tazama agizo moja kwa karibu. Mwaka 1983 bunge la California lilipitisha sheria ya kuinua kiwango cha sekondari, na kipengele kimoja kilisema mwanafunzi hahitimu mpaka asome kozi mbili za sayansi. Awali moja ilitosha. Katika karatasi ni mstari mmoja. Shuleni ni mwalimu mwingine wa baiolojia au kemia, chumba chenye bomba la maji na gesi, meza zisizoungua kwa tindikali, chupa na vipimo vinavyovunjika kila muhula, kabati lenye kufuli la kemikali. Wilaya zikaenda kwenye tume, nayo ikakubali kwamba hilo ni agizo la jimbo linalostahili kulipwa. Madai yalipojumlishwa yakafika mamilioni ya dola kila mwaka.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Siku ya mwisho ikawekwa Novemba 2014, kisha ikasogezwa. Nia ilikuwa njema, sina ubishi nayo. Ila sehemu kubwa ya ujenzi ilitegemea michango, na watendaji wa kata wakashika daftari wakapita nyumba hadi nyumba. Katika kijiji kimoja nilichopitia baadaye nilikuta jengo la aina hiyo: kuta zimefika kwenye renta, madirisha ni matundu tu, na mbuzi wamelala kwenye kivuli cha ukuta wa chumba ambacho kingekuwa cha kemia. Serikalini majengo kama hayo huitwa maboma, na kila bajeti huwa na sentensi yake ya “ukamilishaji wa maboma”.

Basi tuite nini? Nilianza na “amri”, nikaiacha. Inanuka kambi na mahakama. “Wajibu” ni zuri, lakini linamtazama anayebeba tu, linamficha aliyembebesha. “Sharti” ndilo lililonipa kazi, kwa sababu watafsiri wengi wangelichagua. Mahakama ya Juu ya California ndiyo iliyonisaidia kulikataa. Mwaka 2003 iliamua kesi iliyohusu kamati za shule zilizotakiwa kisheria kubandika hadharani ajenda za mikutano yao. Wilaya zilitaka zirudishiwe gharama. Mahakama ikasema hapana: kamati hizo ziliundwa chini ya programu za ruzuku ambazo wilaya zilijiunga nazo kwa hiari, na anayepokea ruzuku hupokea na masharti yake. Hapo lugha yetu iko makini kuliko Kiingereza. Sharti unaweza kulikwepa kwa kuacha unachopewa. Agizo huna pa kulikwepea. Nikachukua “agizo”.

Upande wa fedha tuna neno tayari, halihitaji kuundwa. Katika vitabu vya bajeti ya Tanzania kila wizara ina fungu lake; Fungu 46 ni la Wizara ya Elimu, na ndani ya fungu mna kasma. Kenya watasema “mgao” zaidi. Mimi napenda “fungu” kwa sababu linatoka sokoni. Mama muuza nyanya hazipimi kwa mizani, anazipanga mafungu, na mnunuzi anaona kwa macho: hili langu, lile lako. Agizo lisilo na fungu, basi, ni agizo ambalo ukipita kwenye meza nzima ya bajeti huoni nyanya zake.

Nilidhani nimemaliza, mpaka niliposoma California walivyoendelea.

Kuanzia mwaka wa fedha 2002/2003, jimbo likiwa limebanwa, bunge lilitafuta ujanja. Kutotenga chochote kungevunja katiba waziwazi, kwa hiyo kwa maagizo kadhaa ya shule likatenga dola 1,000. Dola 1,000 kwa agizo zima, kwa jimbo lenye wilaya za shule zinazokaribia 1,000: kama dola 1 kwa kila wilaya. Zilizobaki zitalipwa baadaye, likasema. Mkono mtupu haulambwi, lakini huu haukuwa mtupu, ulikuwa na chembe ya sukari. Wilaya na chama cha bodi za shule wakashtaki, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba mtindo huo unakiuka katiba. Hata hivyo majaji hawakuliamuru bunge litoe fedha, kwa kuwa mkoba wa jimbo hufunguliwa na bunge lenyewe.

Michigan nako walipitia njia ndefu. Katiba yao iliwekewa ulinzi wa namna hii mwaka 1978, wilaya zikafungua kesi ya Durant mwaka 1980, na hukumu ya kuzilipa ikatoka 1997. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kesi ikifunguliwa alikuwa keshamaliza sekondari na pengine anafunga ndoa.

Turudi California. Mwaka wa fedha 2012/2013 jimbo lilileta ruzuku ya jumla: wilaya ichukue dola 28 kwa kila mwanafunzi, kwa hesabu ya wastani wa mahudhurio ya kila siku, na isiwasilishe tena madai ya agizo moja moja. Wilaya nyingi zilichoka na makaratasi, zikachukua. Kisha likaja jambo lililonifanya nirekebishe istilahi yangu. Kwa lile agizo la kozi ya pili ya sayansi, bunge lilikuwa limeandika kwamba fedha za kawaida ambazo wilaya hupata kila mwaka zihesabiwe kuwa zimeshalipia gharama hiyo. Hakuna dola iliyoongezwa. Wilaya zikapinga hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2019 majaji wakalipa jimbo ushindi: bunge linaweza kuelekeza fedha iliyokuwapo ilipie agizo.

Rudi sokoni kidogo. Umenunua fungu la nyanya kwa ajili ya mchuzi wa leo. Muuzaji anakwambia nyanya hizo hizo ndizo za kachumbari ya wageni uliolazimishwa kuwakaribisha. Fungu lipo, hawezi mtu kusema halipo. Ila kachumbari haina fungu lake.

Ndiyo maana nimeongeza neno moja. Istilahi ninayoipendekeza kwa magazeti na redio ni “agizo lisilo na fungu lake”. Kwa hati za mahakama mtu aandike “agizo la kisheria lisilotengewa fedha mahususi”, refu lakini halina utata. Sentensi ya kijana nimemrudishia ikisomeka: “Wilaya za shule za California zinalalamikia maagizo yasiyo na mafungu yake.” Ameisoma mara moja, akaelewa, kisha akauliza kama halmashauri ya kwao nayo inaruhusiwa kulalamika.

Mwenye neno fupi zaidi aniletee, mradi asiniletee tena mfadhili.