Michael Faraday na wapwa aliowalea

Michael Faraday (22 Septemba 1791 – 25 Agosti 1867) ni mwanasayansi wa Uingereza aliyeonyesha mwaka 1831 jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme, ugunduzi uliozaa jenereta na transfoma. Alimwoa Sarah Barnard tarehe 12 Juni 1821. Hawakujaliwa mtoto. Wapwa waliokaa nao ndio waliokuwa mabinti wa nyumba hiyo.

Wanandoa hao waliishi ghorofani katika jengo la Royal Institution, mtaa wa Albemarle, London. Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo hilohilo. Margery Ann Reid, mtoto wa dada yake Sarah, alikulia humo, na alipokuwa mdogo aliruhusiwa kushuka maabarani kwa sharti moja: atulie. Basi alikaa akishona, na Faraday, hata kazi ikimzidi, alimgeukia mara kwa mara kwa neno la upole. Siku nyingine alitupa kipande cha potasiamu majini ili kumfurahisha, nacho kikaelea kikikimbia huku na huku, kikiwaka moto wa zambarau. Madini hayo yalipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1807, na aliyeyapata ni Humphry Davy, mwalimu wa Faraday, katika taasisi hiyohiyo. Ni watoto wachache waliochezewa kwa kitu kipya namna hiyo.

Taasisi ilianza mihadhara ya Krismasi kwa vijana mwaka 1825. Faraday aliitoa kwa misimu 19 kati ya 1827 na 1860, na mfululizo wake kuhusu mshumaa unasomwa hadi leo. Ni vigumu kuamini kwamba ustadi huo wa kusema na watoto haukutokana kwa sehemu na maisha ya nyumbani.

Baadaye alikuja mpwa mwingine, Jane Barnard. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa Faraday nyumba ya kuishi Hampton Court, na kumbukumbu ya mzee ilipozidi kufifia, Jane alimsaidia hata kuandika barua.

Hakuna hati iliyowafanya wasichana hao kuwa watoto wa Faraday, wala isingeweza kuwapo. Mtoto alilelewa na jamaa kwa makubaliano ya ukoo tu, kwani Uingereza haikuwa na sheria ya kuasili watoto hadi mwaka 1926.