Sisterz ya Kigoma: Mabinti wa Mwisho wa Reli Walioingia Ligi Kuu Kabla Hela Haijafika

Ukimtajia mtu wa Dar jina la Kigoma, majibu huwa ni yale yale. Atakwambia migebuka, mawese, dagaa, mwisho wa reli. Akiwa mtu wa burudani atakukumbusha ile Leka Dutigite ya mwaka 2012, pale wasanii wenye asili ya mkoa huo walipojikusanya na kuuambia ulimwengu kwamba Kigoma nayo ina watu wake. Akiwa mtu wa mpira atakutajia Juma Kaseja golini, au ukoo wa akina Manara wa enzi zile.

Sasa muulize kuhusu timu ya wanawake ya Kigoma iliyocheza msimu wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara. Wengi watabaki wanakuangalia tu.

Timu hiyo iliitwa Sisterz FC. Wengine wakaizoea kama Kigoma Sisterz. Stori yake inahusu mpira, lakini inahusu pia nani anafungua mlango na nani anakuja kukalia kiti.

TUANZE KABLA YA LIGI

Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa na timu ya taifa ya wanawake bila kuwa na ligi ya taifa ya wanawake. Ndio, umesoma vizuri. Twiga Stars walifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake mwaka 2010 kule Afrika Kusini wakati nchini hakuna ligi ya maana ya kuwaandaa. Mabinti wengi walikuwa wanacheza kwenye timu chache za mtaani, hasa Dar es Salaam. Kama ulizaliwa mkoani, hasa mkoa wa mbali kama Kigoma, kuonekana ilikuwa ni bahati nasibu.

Septemba 2016 mambo yakabadilika. Tanzania Bara ilikwenda Jinja, Uganda, kwenye mashindano ya CECAFA ya wanawake, ikaichapa Kenya 2-1 kwenye fainali na kurudi na kombe. Mwaka huo huo ligi ya wanawake ikaanza. Msimu wa kwanza, 2016/17, ulikuwa na timu 12 zilizogawanywa makundi mawili ili kupunguza gharama za safari. Kulikuwa na timu za Dar, Pwani, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Na kwenye orodha hiyo kulikuwa na Sisterz ya Kigoma.

Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Timu ya wanaume ya Kigoma, Mashujaa, ilikuja kupanda Ligi Kuu mwaka 2023. Maana yake mabinti wa Kigoma walikuwa ligi kuu yao miaka zaidi ya sita kabla ya Mashujaa kuingia ligi kuu ya wanaume. Hapo ndo pa kutulia kidogo na kuitafakari hiyo.

BINTI WA UJIJI NA MPIRA

Ili uelewe uzito wake lazima uijue Ujiji. Huu ni mji wa zamani, mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, mji wa miembe mikubwa, misikiti na madrasa, mji ambao Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 iliishia Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo, na biashara nyingi zikahamia huko. Ujiji ikabaki na heshima yake, mila zake, na macho ya watu wazima wanaomjua kila mtoto ni wa nani.

Katika mji wa namna hiyo binti anayecheza mpira hafichiki. Anaanza na chandimu uani na kaka zake. Akiwa na miaka kumi kila mtu anacheka, anasifiwa kwamba ana mguu kama mwanaume. Akifika kumi na nne vicheko vinaisha. Shangazi anamwita pembeni. Jirani anamuuliza mama yake, "Mwenzangu, huyu binti yako mbona unamwacha hivi?" Bukta inakuwa kesi ya familia. Anajifunza kutoka nyumbani na dira au kanga, jezi ikiwa ndani, na kurudi kabla ya magharibi kuandaa moto.

Na hapo hatujagusa kazi. Nyumba nyingi za mwambao wa Tanganyika zinaishi kwa ziwa. Mwezi ukiwa gizani mitumbwi inaingia usiku na taa zake, asubuhi dagaa wanaanikwa. Kazi ya kuanika, kugeuza, kubeba na kuuza ni ya akina mama na mabinti zao. Muda wa mazoezi unaibwa kutoka kwenye muda huo.

Mabinti wa aina hiyo ndio waliohitajika ili Kigoma iwe na timu ya wanawake. Majina yao mengi hayajulikani nje ya mitaa yao. Hakuna sanamu, hakuna jezi zinazouzwa Kariakoo. Walivaa namba mgongoni, wakasafiri, wakacheza.

HESABU YA SAFARI

Msimu wa 2018/19 ligi ilichezwa na timu 12 kwa mtindo wa nyumbani na ugenini, bila makundi. Piga hesabu. Kila timu ina mechi 22, na 11 kati ya hizo ni za ugenini.

Kwa timu ya Dar es Salaam, kadhaa kati ya hizo 11 ni za kupanda daladala au basi la saa moja. Mlandizi ni hapo hapo tu barabara ya Morogoro. Kwa timu ya Kigoma hakuna ugenini wa karibu hata mmoja. Jirani yake kwenye ligi ni Mwanza, na huko kwenyewe ni zaidi ya kilomita 500 kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, barabara ambayo kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwenda tu.

Sasa chukua wachezaji 20 na viongozi watano. Watu 25, nauli ya kwenda na kurudi, chakula njiani, mahali pa kulala, maji, dawa ya kuchua misuli. Zidisha mara 11. Halafu ukumbuke ligi ilianza bila mdhamini wa maana. Mwishoni mwa 2018 ndipo bia ya Serengeti Lite ilipoingia na ligi ikabeba jina lake. Hata hivyo mgao wa udhamini ukigawanywa sawa hauwi sawa. Hela ile ile inayomtosha mtu wa Dar inamwishia mtu wa Kigoma akiwa bado yupo Tabora.

Halafu kuna uchovu. Mchezaji anayeshuka kwenye basi na miguu imevimba, akalala usiku mmoja na kesho yake saa kumi jioni akaingia uwanjani dhidi ya JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, wachezaji wenye kambi, daktari na ratiba ya chakula, huyo hachezi dhidi ya watu 11 tu. Anacheza dhidi ya ramani ya Tanzania.

HELA ILIPOFIKA

Angalia orodha ya mabingwa ndo utaelewa. Msimu wa kwanza kombe lilikwenda Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Pwani. Watu wakaamini soka la wanawake ni la kila mtu. Halafu JKT Queens wakachukua 2017/18 na 2018/19. Simba Queens wakachukua mitatu mfululizo, 2019/20 mpaka 2021/22. JKT wakarudi 2022/23, Simba 2023/24, JKT tena 2024/25. Tangu Mlandizi, kombe linazunguka kwa watu wawili tu.

Sio kwamba Simba au JKT wamekosea. CAF ilianzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2021, na klabu kubwa zikatakiwa kuwa na timu za wanawake. Mishahara ikapanda, wachezaji wa nje wakaja, televisheni ikaonyesha mechi. Mwaka 2022 Simba Queens wakawa mabingwa wa CECAFA na kumaliza nafasi ya nne Afrika kule Morocco. Mwaka huo huo Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India. Twiga Stars nao wakarudi kwenye mashindano ya Afrika, Morocco 2025, baada ya miaka mingi nje. Haya yote ni matunda.

Ila swali ni nani alipanda mti. Ligi ya taifa haiwi ya taifa kwa kuwa na Simba na Yanga. Msimu ule wa kwanza iliitwa ligi ya taifa kwa sababu kulikuwa na mabinti waliokubali kutoka Kigoma na kurudi, mifuko mitupu. Msimu wa 2023/24 ligi ilikuwa na timu 10. Iringa ilikuwepo, Lindi ilikuwepo, Geita, Mara, Mwanza, Dodoma na Dar. Kigoma haikuwepo.

KILICHOBAKI

Julai 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika ulifurika. Simba na Yanga walikuja kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba wakashinda 1-0. Nchi nzima ikaiona Kigoma, watu wakasifia mandhari, wakapiga picha na ziwa, wakala migebuka na kuondoka. Ilithibitika kwamba mpira mkubwa unaweza kufika mwisho wa reli ukiamua kufika.

Mabinti wa Sisterz walikuwa wamethibitisha hilo miaka mitano kabla, kwa upande wa pili: kwamba mwisho wa reli nao unaweza kufika kwenye mpira mkubwa. Tofauti ni kwamba wao walijilipia gharama kwa migongo yao.

Leo mitaani Ujiji, jioni, bado utamkuta binti mmoja katikati ya kundi la wavulana, kanga kaifunga kiunoni, anaomba pasi. Shangazi bado yupo barazani. Lakini sasa hivi shangazi naye ameshaona wasichana wa Tanzania kwenye televisheni, na ameshasikia kuna mishahara. Akimwita pembeni leo, huenda swali limebadilika, anataka kujua timu ipo wapi.

Hilo ndilo jibu ambalo Kigoma inadaiwa. Miaka ya nyuma lilikuwepo, lilikuwa na jezi na jina. Likirudi, lirudi na nauli yake.