Dakota (jengo)

Dakota ni jengo la kihistoria la fleti za kifahari katika kisiwa cha Manhattan, mjini New York, Marekani. Liko kwenye kona ya Mtaa wa 72 Magharibi na barabara ya Central Park West, likitazamana na Central Park, bustani kubwa ya umma iliyo katikati ya kisiwa hicho. Lilijengwa kati ya miaka 1880 na 1884. Ni mojawapo ya majengo ya kwanza mjini humo yaliyowavutia matajiri kuishi katika fleti. Linajulikana pia kwa utaratibu wake wa kuuza makazi: mwenye fedha za kutosha hawezi kuhamia humo mpaka bodi ya wakazi imkubali.

Ujenzi

Mwenye wazo la kujenga Dakota alikuwa Edward Cabot Clark, mwanasheria aliyekuwa mshirika wa Isaac Singer katika kampuni ya cherehani ya Singer. Clark anakumbukwa kwa kuanzisha utaratibu wa kuuza cherehani kwa malipo ya awamu, hivyo watu wa kipato cha kawaida wakaweza kuzipata. Cherehani za kampuni hiyo zilienea duniani, na katika Afrika ya Mashariki bado zinaonekana kwenye vibaraza vya mafundi wa nguo.

Clark alimwajiri msanifu majengo Henry Janeway Hardenbergh, ambaye baadaye alichora pia hoteli ya Plaza, iliyofunguliwa mwaka 1907 kwenye pembe nyingine ya Central Park. Clark alifariki mwaka 1882 kabla ya kuona kazi ikikamilika, na jengo likarithiwa na mjukuu wake.

Wakati huo matajiri wa New York waliishi katika nyumba za peke yao. Kukaa jengo moja na familia nyingine kulionekana kuwa jambo la maskini na wahamiaji waliosongamana katika nyumba za kupanga. Upande wa magharibi wa bustani nao ulikuwa bado na nyumba chache, ingawa reli ya juu ya barabara ilikuwa imefika Mtaa wa 72 mwaka 1879. Ili kuwavuta wapangaji, Dakota ilipewa fleti 65 za ukubwa mbalimbali, kuanzia vyumba 4 hadi 20. Kulikuwa na lifti za wakazi na nyingine za watumishi, joto la pamoja na mtambo wake wenyewe wa umeme.

Jengo limezunguka ua wa ndani. Lango lake kuu lilifanywa kubwa kiasi cha kupitisha magari ya farasi, ili abiria washukie ndani bila kunyeshewa. Kuta ni nene, na paa lina miinuko mikali inayofuata mtindo wa majengo ya kale ya kaskazini mwa Ulaya.

Jina

Simulizi maarufu inasema kuwa jengo liliitwa Dakota kwa mzaha, kwa kuwa lilikuwa mbali na mji kama eneo la Dakota lililoko magharibi. Hata hivyo, simulizi hiyo ilichapishwa gazetini miaka mingi baada ya ujenzi. Wanahistoria wengi wanaona kuwa sababu ni mapenzi ya Clark kwa majina ya maeneo mapya ya magharibi. Jina lenyewe ni la watu wa Dakota, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Juu ya lango la Mtaa wa 72 kuna sanamu ya kichwa cha mwenyeji wa asili.

Bustani na ardhi yake

Thamani ya Dakota inategemea sana Central Park, kwa kuwa hakuna anayeweza kujenga mbele ya madirisha yake ya mashariki. Bustani hiyo yenye hekta 341 ilibuniwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1858.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Mitaa kumi hivi kaskazini mwa mahali ilipo Dakota kulikuwa na kijiji cha Seneca Village, kilichoanzishwa mwaka 1825 na Wamarekani Weusi walionunua viwanja vyao. Kiwanja kilikuwa na maana zaidi ya makazi: sheria ya jimbo ilimtaka mwanamume Mweusi awe na mali ya thamani ya dola 250 ndipo apige kura. Serikali ilitwaa ardhi kwa ajili ya bustani, wenye viwanja wakalipwa fidia ambayo baadhi yao waliilalamikia kuwa ndogo, na kufikia mwisho wa mwaka 1857 wakazi wote walikuwa wameondolewa.

Umiliki na uuzaji

Mwanzoni fleti zote za Dakota zilikuwa za kupanga. Familia ya Clark iliendelea kulimiliki jengo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1961 likawa mali ya ushirika wa wakazi.

Katika mfumo huo mnunuzi hapewi hati ya fleti. Jengo zima ni mali ya kampuni ya wakazi. Mnunuzi hununua hisa za kampuni, na hisa hizo humpa mkataba wa kukaa katika fleti fulani. Kila mwezi hulipa mchango wa kodi ya majengo, mishahara ya wafanyakazi na matengenezo. Fleti kubwa huwa na hisa nyingi zaidi, na mchango wake ni mkubwa zaidi.

Baada ya kukubaliana bei na muuzaji, mnunuzi hupeleka taarifa za mapato, madeni na wadhamini wake kwa bodi inayochaguliwa na wenye hisa, kisha huitwa kwa mahojiano. Bodi inaweza kumkataa bila kutoa sababu. Wanaoutetea utaratibu huo wanasema kuwa mwenye hisa mmoja akishindwa kulipa, mzigo huwaangukia wenzake. Wanaoupinga wanasema kuwa usiri huo unaweza kuficha ubaguzi, ingawa sheria inakataza kumkataa mtu kwa sababu ya rangi, dini au asili yake.

Mwaka 2011 mkazi Mweusi aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya Dakota aliishtaki bodi hiyo baada ya kukataliwa kununua fleti nyingine, akidai kuwa alibaguliwa. Bodi ilikana, ikasema kuwa ilizingatia hali yake ya kifedha. Mahakama iliitupilia mbali kesi hiyo mwaka 2015.

Wakazi mashuhuri

Waliowahi kuishi Dakota ni pamoja na mwongozaji wa muziki Leonard Bernstein, mwanamuziki Roberta Flack, mcheza dansi Rudolf Nureyev na mwigizaji Lauren Bacall. Baada ya Bacall kufariki mwaka 2014, fleti yake yenye vyumba tisa ilitangazwa kuuzwa kwa dola milioni 26.

Mwanamuziki John Lennon na mkewe Yoko Ono walihamia humo mwaka 1973. Tarehe 8 Desemba 1980 Lennon alipigwa risasi na kuuawa kwenye lango la jengo. Sehemu ya bustani iliyo ng'ambo ya barabara, iitwayo Strawberry Fields, ilifunguliwa mwaka 1985 kwa kumbukumbu yake.

Hifadhi

Mji wa New York uliiweka Dakota katika orodha ya majengo yanayolindwa mwaka 1969. Mwaka 1976 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Kwa hiyo mwenye fleti hawezi kubadili sura ya nje ya jengo apendavyo. Mabadiliko huhitaji kibali cha tume ya mji ya kuhifadhi majengo ya kihistoria.